Namba tasa: kwa nini 91 si mojawapo, na ni nani wanaozitafuta

Jumanne ya wiki iliyopita, kwenye chemsha bongo ya kipindi cha asubuhi, nilimkubalia msikilizaji aliyepiga simu kwamba 91 ni namba tasa. Nikampa na vocha yake. Wimbo uliofuata haujafika katikati, simu ya studio ikawa imejaa ujumbe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliandika kwa ufupi: "Mtangazaji, 7 mara 13 ni ngapi?" Ni 91. Nilirudi hewani nikaomba radhi. Vocha sikumnyang'anya mtu.

Lakini ujumbe uliendelea kuingia hadi jioni, na mwingi haukuwa wa kunicheka. Mmoja aliuliza: namba ikiwa na tarakimu mia moja, mtu anajuaje kama ni tasa? Mwingine: hivi zina kazi gani nje ya darasa? Na kijana wa kidato cha pili alituma fomula aliyosema hutoa namba tasa kila mara, akataka tuitangaze. Maswali hayo hayatoshi dakika tatu za hewani, ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Namba tasa ni nini

Mwangalie mama anayepanga nyanya gengeni. Akiwa na nyanya 12 anaweza kupanga mafungu 2 ya nyanya sita sita, 3 ya nne nne, 4 ya tatu tatu au 6 ya mbili mbili. Akiwa na nyanya 13 hana njia: ama aziweke zote fungu moja, ama auze moja moja. Akijaribu mafungu mengine yoyote yaliyo sawa, kuna nyanya itabaki. Namba kama 13, isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila 1 na yenyewe, ndiyo namba tasa. Namba 1 haihesabiwi kuwa tasa. Namba 2 ni tasa, na ndiyo namba shufwa pekee iliyo tasa.

Jina lenyewe la Kiswahili ni zito. Tasa ni asiyezaa, na mitaani si neno la kumwitia mtu. Kwenye hisabati mambo yako kinyume kidogo, kwa sababu namba nyingine zote zimezaliwa na hizi. 12 ni 2 × 2 × 3, na 91 ni 7 × 13. Kila namba nzima iliyozidi 1 ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa kuzidishwa, tena kwa njia moja tu. Ukibadilisha mpangilio, viungo vinabaki vilevile.

Haziishi. Eukleides, aliyefundisha Alexandria huko Misri miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alilithibitisha hilo kwa hoja ya mistari michache. Chukua namba tasa zote unazozijua, zizidishe zote, kisha ongeza 1. Namba unayopata, ukiigawanya kwa yoyote kati ya ulizoanza nazo, inabaki 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa mpya, ama kuna tasa mpya ndani yake. Hapa wengi huteleza wakadhani jibu lazima liwe tasa. Jaribu 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, uongeze 1. Unapata 30,031, ambayo ni 59 × 509. Si tasa, ila imetuletea tasa mbili ambazo hazikuwemo kwenye orodha.

Ungo wa mtu wa Afrika Kaskazini

Njia ya zamani kabisa ya kuzipata kwa wingi inahusishwa na Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, ambaye baadaye alisimamia maktaba kuu ya Alexandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Andika namba kuanzia 2 hadi 100. Acha 2, kata vigawe vyake vyote: 4, 6, 8 na kuendelea. Acha 3, kata vigawe vyake. Fanya hivyo kwa 5 na kwa 7. Zilizobaki bila kukatwa ni 25, nazo ndizo namba tasa zote zilizo chini ya 100. Wanahisabati huuita ungo wa Eratosthenes, na kweli ni kazi ya kupepeta.

Kwa nini tunaishia 7? Kwa sababu namba ikigawanyika, vigawo huja wawili wawili, na mmoja wao hauwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba hiyo. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Kigawo kidogo kisipopatikana chini ya 10, basi hakipo. Vivyo hivyo kwa 91: kipeuo chake cha pili ni 9 na kidogo, kwa hiyo ilinitosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Majaribio manne tu, na mimi nilifanya matatu.

Nimeitafakari sana 91 tangu siku ile. Si shufwa, haiishii na 5, na ukijumlisha tarakimu zake unapata 10, kwa hiyo 3 haiigawanyi. Chini ya 100 kuna namba tatu tu zinazopita vipimo hivyo vya haraka na bado si tasa: 49, 77 na 91. Mbili za kwanza tunazijua kwa sababu tuliziimba kwenye jedwali la kuzidisha, saba mara saba, saba mara kumi na moja. Jedwali letu liliishia 12, na 91 ikabaki nje ya mlango.

Kugawanya hakutoshi

Kwa namba za kawaida, kugawanya kunatosha. Kwa namba kubwa, hapana. Namba ya tarakimu 100 ina kipeuo cha pili chenye tarakimu 50 hivi. Hata kompyuta ingejaribu vigawo trilioni moja kila sekunde, muda ambao umepita tangu ulimwengu uanze usingetosha hata kwa sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Njia ya kutokea ilianza kwa Mfaransa Pierre de Fermat, ambaye kazi yake ilikuwa sheria, katika mahakama ya Toulouse, na hisabati aliifanya kwa kupenda. Mwaka 1640 aliandika kwenye barua jambo ambalo leo lina jina lake. Chukua namba tasa, tuseme 7, na namba nyingine isiyogawanyika kwa 7, tuseme 2. Zidisha 2 kwa yenyewe mara sita, yaani moja pungufu ya 7. Unapata 64. Gawanya kwa 7: inabaki 1. Fermat alisema kwa namba tasa baki ni 1 daima.

Igeuze kauli hiyo nawe umepata kipimo. Ikiwa baki si 1, namba ile si tasa, hata kama hujui vigawo vyake. Tuipime 91 kwa kutumia 2. Tunataka baki la 2 kwa kipeo cha 90. Hatuhitaji kuandika namba hiyo ndefu. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096, na 91 × 45 ni 4,095, kwa hiyo baki ni 1. Tisini ni kumi na mbili mara saba, na sita juu. Zile kumi na mbili saba zote zinaacha 1, kinachobaki ni 2 kwa kipeo cha 6, yaani 64. Baki ni 64. 91 imeumbuka, na 7 wala 13 hatujazitaja popote.

Sasa tuipime tena, kwa kutumia 3. 3 kwa kipeo cha 6 ni 729, na 91 × 8 ni 728. Baki 1. Tisini ni sita mara kumi na tano, kwa hiyo 3 kwa kipeo cha 90 nayo inaacha 1. Kwa kipimo hiki 91 imepita kama tasa halisi! Nilipoligundua hili mezani nikiwa na kalamu, nilijisikia nafuu kidogo: kumbe hainidanganyi mimi peke yangu.

Namba za namna hii zipo nyingi. Kwa kipimo cha 2, ya kwanza kudanganya ni 341, ambayo ni 11 × 31. Ziko na sugu zaidi, zinazodanganya kwa kila namba utakayotumia ilimradi haina kigawo cha pamoja nazo. Ndogo kuliko zote ni 561, yaani 3 × 11 × 17. Zinaitwa namba za Carmichael, kwa jina la Mmarekani Robert Carmichael aliyeziandikia mwaka 1910. Mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walichapisha uthibitisho kwamba nazo haziishi. Kwa hiyo kipimo cha Fermat peke yake hakiwezi kuaminiwa moja kwa moja.

Dawa ilipatikana miaka ya 1970, kwa Gary Miller mwaka 1976, na Michael Rabin akaifanya iwe ya kubahatisha namba mwaka 1980. Siri yake ni kutazama nusu ya njia. Kwa namba tasa, namba ambazo mraba wake unaacha baki 1 ni mbili tu: 1, na ile iliyo moja pungufu ya namba tasa yenyewe. Turudi kwa 91 na 3. Badala ya kipeo cha 90, simama kwenye nusu yake, 45. Sita mara saba ni arobaini na mbili, zinabaki tatu juu, na 3 kwa kipeo cha 3 ni 27. Baki ni 27. Kama 91 ingekuwa tasa, hapo tungekuta 1 au 90. Tumekuta 27, na 27 × 27 ni ile 729 inayoacha 1. Imekamatwa.

Na ukitaka kuona uzuri wake, toa 1 kwenye 27 upate 26, kisha uliza 26 na 91 zina kigawo gani kikubwa cha shirika: 13. Ongeza 1 kwenye 27 upate 28, uliza tena: 7. Huyo mwizi ametaja na wenzake.

Rabin alionyesha kwamba kwa namba witiri isiyo tasa, ukichagua namba ya kupimia kwa bahati, uwezekano wa kudanganywa hauzidi robo. Ukirudia mara ishirini kwa namba tofauti, uwezekano wa kudanganywa zote unakuwa chini ya moja kwa trilioni. Kompyuta hufanya hivyo kufumba na kufumbua.

Bado wataalamu waliwashwa na swali moja. Je, kuna kipimo cha haraka kisichobahatisha hata kidogo, kinachotoa hapana au ndiyo ya uhakika kwa namba yoyote? Jibu lilitoka India Agosti 2002, katika taasisi ya teknolojia ya Kanpur, kwa profesa Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, ambao walikuwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza. Njia yao, inayoitwa AKS kwa herufi za majina yao, iliwapa tuzo ya Gödel mwaka 2006. Kwa kazi za kila siku ni ya polepole kuliko ile ya Miller na Rabin, kwa hiyo simu yako haiitumii. Lakini ilifunga mjadala wa miaka mingi, tena kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuzifuata.

Mtawa, kasisi na watoto wa shule

Sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii ni watu wake. Karne ya 17 huko Paris aliishi mtawa Marin Mersenne, aliyekuwa akipokea na kusambaza barua za wanasayansi wa Ulaya. Alivutiwa na namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa kisha kutoa 1: 3, 7, 31, 127. Ili namba hiyo iwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Lakini hilo pekee halitoshi, na mfano wa kwanza wa kuanguka nauacha kwa sababu utakayoiona mwishoni.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo alidai hutoa namba tasa, hadi 257. Hakuwa na njia ya kuvihakiki vyote, na orodha ilikuwa na makosa matano: iliingiza 67 na 257 ambazo hazifai, ikaziacha 61, 89 na 107 ambazo zinafaa. Ilichukua hadi 1947 kumaliza kuikagua yote. Miaka 300 ya kusahihisha ukurasa mmoja wa mtu mmoja. Mimi nilisahihishwa kabla wimbo haujaisha, sina la kulalamika.

Waliosahihisha hawakuwa wataalamu peke yao. Kipeo cha 61 kilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa Kanisa la Orthodox huko Urusi. Cha 89 na cha 107 vilithibitishwa na Mmarekani R. E. Powers, mwanahisabati wa ridhaa, mwaka 1911 na 1914. Wote kwa mkono na karatasi.

Kuhusu 67 kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo. Mfaransa Édouard Lucas alikuwa ameonyesha mwaka 1876 kwamba namba hiyo si tasa, lakini kipimo chake hakikutoa vigawo. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alizidisha 2 kwa yenyewe mara 67, akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 na 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Shikilia hapo, maana ndipo penye uzito wa jambo lote. Kujua kwamba namba si tasa ni kazi nyepesi. Kujua vigawo vyake ni kazi nyingine kabisa. Kati ya Lucas na Cole ilipita miaka 27.

Kipimo cha Lucas, kilichoboreshwa baadaye na Derrick Henry Lehmer, bado ndicho kinachotumika kwa namba za Mersenne, na ni rahisi kiasi cha kukifanya nyuma ya daftari. Tuchukue 127, yenye kipeo cha 7. Anza na 4. Kila hatua: zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, baki la kugawanya kwa 127 ndilo la kuendelea nalo. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194, ambayo baki lake ni 67. 67 inatupa 42. 42 inatupa 111. 111 mara 111 ni 12,321, toa 2 ni 12,319, na hiyo ni 127 × 97 kamili. Baki ni 0. Hatua ni mbili pungufu ya kipeo, yaani tano, na ukifika 0 kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa bila shaka yoyote.

Kompyuta zilipokuja, mchezo ulibadilika lakini watu wa kawaida hawakutoka uwanjani. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wenye miaka 18 huko Hayward, California, Laura Nickel na Landon Curt Noll, walitumia kompyuta ya chuo kikuu cha jirani wakapata namba tasa yenye tarakimu 6,533, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Januari 1996 mtaalamu wa programu George Woltman alianzisha GIMPS, mradi unaomruhusu mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti kupewa kipeo chake akipime. Desemba 2017 zamu ilimwangukia Jonathan Pace, mfanyakazi wa FedEx huko Tennessee, aliyekuwa ametafuta kwa miaka 14. Kompyuta yake ilipiga hesabu siku sita mfululizo. Namba ilikuwa na tarakimu zaidi ya milioni 23, zawadi dola 3,000.

Mashine bila macho ya mtu haitoshi, lakini. Septemba 2015 kompyuta moja ya Chuo Kikuu cha Central Missouri ilipata namba tasa iliyovunja rekodi, na taarifa ya barua pepe haikutoka. Ilikaa hapo hadi Januari 2016 mtu alipoiona. Mradi uliandika tarehe ya ugunduzi kuwa ya siku ambayo binadamu alifahamu.

Rekodi iliyotangazwa Oktoba 2024 ni ya Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi kampuni ya NVIDIA. Alikodi chipu za michoro, zile za kuendeshea michezo na akili mnemba, kwenye vituo vya data katika nchi 17. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye mashine iliyoko Dublin, na uthibitisho kwenye nyingine iliyoko Texas. Namba ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, na ina tarakimu 41,024,320. Ningeisoma hewani tarakimu tatu kila sekunde, usiku na mchana bila matangazo, ingenichukua miezi mitano na siku kadhaa. Durant naye zawadi yake ni dola 3,000, na alisema angeipeleka shule ya Alabama aliyosoma.

Zina kazi gani?

Namba ya Durant yenyewe, kwa sasa, haina kazi. Nasema wazi kwa sababu wengi huambiwa vinginevyo. Zenye kazi ni ndogo zaidi, za tarakimu mamia tu. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kufunga ujumbe inayoitwa RSA. Unachagua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, zao unalitangaza hadharani kama kufuli. Anayetaka kufungua lazima azijue zile mbili. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni zile Jumapili za Cole, isipokuwa namba ni ndefu mara thelathini. Ukubwa unaotumika sana leo una tarakimu 617, zao la tasa mbili zenye tarakimu 309 kila moja. Alama ya kufuli unayoiona kwenye tovuti nyingi inategemea ama njia hii, ama nyingine inayotumia pia namba tasa kubwa.

Hizo tasa za tarakimu 309 zinatoka wapi? Kompyuta huokota namba kwa bahati na kuipima. Ikianguka, inaokota nyingine. Kwa ukubwa huo, takriban namba moja katika kila 700 ni tasa, kwa hiyo haichukui muda. Hatari iko kwenye neno bahati. Mwaka 2012 watafiti waligundua makumi ya maelfu ya vifaa vya mtandao vilivyokuwa vimechagua vibaya, kiasi kwamba vifaa viwili tofauti vilitumia namba tasa moja ya pamoja. Kufuli za namna hiyo hufunguka kwa swali tulilouliza kwa 26 na 91: kigawo kikubwa cha shirika ni kipi? Hesabu ya shule ya msingi, na mlango uko wazi.

Faida nyingine huja bila kutarajiwa. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg huko Virginia, alikuwa akikokotoa namba tasa pacha, yaani zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13. Majibu ya kompyuta zake hayakulingana. Alichunguza kwa miezi hadi akahakikisha kosa si lake bali la chipu ya Pentium, ambayo ilikosea kugawanya. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo.

Kwa kijana wa kidato cha pili

Fomula yako, zidisha namba kwa yenyewe, ongeza namba hiyo, ongeza 41, ni nzuri. Umesema umeijaribu hadi 20 haikuanguka. Leonhard Euler aliichapisha mwaka 1772, na kuipata mwenyewe bila kumsoma si jambo dogo. Kwa 0 hadi 39 hutoa namba tasa kila mara. Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41. Imethibitishwa kwamba hakuna fomula ya aina hiyo itakayotoa namba tasa tu milele, kwa hiyo hukukosea hesabu, uliishia njiani. Fermat mwenyewe alidhani namba za mtindo wa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Iliyofuata, 4,294,967,297, Euler aliivunja mwaka 1732: ni 641 × 6,700,417.

Namba ya chemsha bongo ya Jumanne ijayo ni 2,047. Swali ni lilelile, tasa au si tasa, na safari hii jibu la ndiyo au hapana pekee halipati vocha. Simu zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nimeshaipiga hesabu mara mbili.